Mama Mmoja, Fomu Mbili

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka ghorofa ya nne. Mimi ni mzima, ingawa mkono wa kulia unalalamika kwa kuvuta vitambaa siku nzima. Mama ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti ndiyo yamegoma, na lifti ya jengo hili iligoma kabla yao, kwa hiyo tangu mwaka juzi hajakanyaga barabara. Anakaa dirishani anawapangia watu wa mtaani maisha. Anajua nani kanunua viatu vipya na nani kagombana na mkewe. Anakusalimu. Anauliza unakula nini.

Simu tulikubaliana hatupigiani, maana dakika ya pili tunagombana, na ya tatu salio linakatika kabla hatujafika mahali pa kuombana radhi. Ndiyo maana naandika.

Jengo letu limeuzwa. Mwenye mali mpya anataka kuligeuza hoteli, na ametupa mpaka mwisho wa mwaka tuwe tumetoka. Nimezunguka mitaa yote kutafuta chumba cha chini, kisicho na ngazi, kwa kodi ninayoiweza. Nilipata kimoja. Mwenyewe alipokifungua ilikuwa stoo ya saruji, na akaniambia saruji itabaki, mimi nitaizoea.

Ndipo nikasikia habari za Shirika. Hawa hujenga nyumba ndogo za kawaida na kuwauzia watu wa kipato kidogo bila kutafuta faida. Unalipa polepole kwa miaka mingi, hakuna riba. Badala ya riba unatoa jasho: saa mia tatu za kazi kwenye nyumba za waombaji wenzako kabla hawajaanza yako. Jasho ninalo, sijawahi kupungukiwa. Masharti mengine ni uwe na shida ya kweli ya makazi, na kaya isiwe ya mtu mmoja. Mzazi mzee anaongeza alama kumi. Wanaopita ni kuanzia alama sabini. Pamoja na Mama mimi nina sabini na mbili. Bila Mama mimi ni mwanamke na sindano yake, hata fomu hawaipokei.

Wakaguzi walikuja wiki iliyopita. Mkubwa wao nimembatiza Bwana Rula, maana hupima kila kitu, hata kivuli cha mlango. Kazi yangu unaijua: makochi ya watu huingia kwangu yamechoka na hutoka yamevaa upya. Karakana ndiyo chumba, na chumba ndicho karakana. Siku hiyo palikuwa na makochi matatu yaliyokamilika, yanasubiri wenyewe. Mama alikuwa amejinyoosha juu ya lile la daktari wa meno, mahameli nyekundu, miguu juu, anamenya chungwa.

Bwana Rula akasimama mlangoni. "Hii ndiyo shida ya makazi?"

"Si yangu hayo," nikasema. "Ni ya wateja."

"Na huyu mama?"

"Huyu ni wangu."

"Na chungwa?"

Ameandika kwamba mwombaji anaishi katika mazingira ya starehe. Nimekata rufaa. Watarudi tarehe 14 Aprili.

Nina ombi moja tu kwako, tena dogo. Miezi hii ukituandikia, usiweke anwani yako nyuma ya bahasha, wala jina lako. Usiniulize sababu. Ni mambo ya posta.

Dada yako


26 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye kiti changu kile kinachozunguka, na kila nilipofika kwenye chungwa nilizunguka mara moja. Pole sana. Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie nakula vizuri.

Kazi inakwenda. Vichwa vya watu vinaendelea kuota nywele, na mimi naendelea kuzitoa. Wifi yako anakusalimu sana. Watoto pia wanamsalimu shangazi yao; yule mdogo ameota jino na sote tumefurahi. Nyumbani siku hizi kuna utulivu mkubwa. Asubuhi nikifumbua macho, kabla hata sijaosha uso, najiona mara tatu, nasema haya, kazi ianze.

Kuhusu bahasha nimekuelewa kabisa, sikuulizi. Nami nina ombi la namna hiyo hiyo. Ukiniandikia, juu usiweke "kwa mdogo wangu". Andika "kwa Kinyozi, kutoka kwa mteja". Ni mambo ya biashara.

Sasa jambo lenyewe. Nimekuwa nikimfikiria Mama. Nimejiuliza, hivi huyu mzee atakaa ghorofani mpaka lini, na huku kwangu hakuna hata ngazi moja? Aje apumzike. Aje Aprili, kwa mfano tarehe 10 mpaka 20, nitakuja kumchukua mwenyewe. Akija, aje na shuka zake, na ile picha yake ya ukutani, na mswaki wake wa zamani, siyo mpya, ili ajisikie kama mtu aliyekaa siku nyingi.

Na kuhusu wakaguzi, usiwaogope. Hawapendi kitanda kilichotandikwa vizuri kupita kiasi. Huinua godoro. Huhesabu miswaki. Hivyo ndivyo watu husema.

Mdogo wako


9 Machi

Kwa Kinyozi, kutoka kwa mteja,

Mteja wako ni mzima. Mama pia. Jana aliona ajali ndogo pale kona, baiskeli na gari la maziwa, na mpaka usiku alikuwa bado anatoa hukumu.

Barua yako nimemsomea. Akasema, "Huyu ni mwanangu au kuna mtu amemwandikia?" Nimemwambia ni wewe, mwandiko naujua. Miaka sita hujamwita Mama hata kwa chakula cha mchana, leo unamwita kwa tarehe, kuanzia na kumalizia, kama mtu anayekodi viti vya harusi. Na tarehe zako zote zimeizunguka tarehe 14 yangu.

Mama hasafiri. Aprili yote yupo hapa, na siku ya 14 atakuwa amekaa pale nitakapomweka.

Nimeanza saa za jasho. Tunajenga nyumba ya mwalimu mmoja mwenye watoto watano. Siku ya kwanza msimamizi alinipa kofia ya plastiki na kunieleza kwa utaratibu sana jinsi ya kushika nyundo, mimi niliyepigilia misumari ishirini na tano elfu kwenye mbao za makochi. Nilimsikiliza. Maelezo yalichukua saa nzima na saa hiyo imehesabiwa, kwa hiyo nilimwomba arudie.

Mpe wifi salamu. Mwambie aniandikie mwenyewe siku moja, mwandiko wake ni mzuri kuliko wako.

Dada, yaani mteja


1 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, nisamehe. Wifi anakusalimu, angekuandikia mwenyewe ila mkono wake una shughuli.

Nimeelewa kwamba Mama hasafiri. Sitalazimisha. Basi naomba unijibu mambo machache, ni kumbukumbu tu, mtu akifika umri wangu hupenda kujua habari za mzazi wake. Mama alizaliwa mwezi gani? Chai yake anaweka sukari? Analalia upande gani? Dawa ya miguu inaitwaje? Anapenda nini kuhusu mimi?

Halafu swali la mwisho, lisikushangaze. Mama alishawahi kuwa na jino la dhahabu? Hata zamani, hata kwa muda mfupi? Nauliza tu.

Kama unaweza, nijibu kabla ya tarehe 11.

Mdogo wako


27 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako imefika tarehe 13, kwa hiyo majibu yake hayana haraka tena. Alizaliwa mwezi wa mvua nyingi, mwenyewe hajui ulikuwa wa ngapi. Chai bila sukari, halafu anaiba sukari ya kulamba. Jino la dhahabu hajawahi kuwa nalo. Kuhusu anachopenda kwako, nilimuuliza, akafikiri muda mrefu, akasema ulikuwa hulii ukinyolewa.

Ukaguzi umepita, na namna ulivyopita nitaisimulia mara moja tu. Baada ya yale ya chungwa niliapa hawatakuta kochi hata moja. Niliyabeba yote mpaka kwenye korido ya jirani. Sasa fundi wa makochi mwenyewe hana kochi, hilo unalijua, kwa hiyo chumba kilibaki kitanda, jiko na Mama juu ya ndoo iliyogeuzwa, amenuna.

Bwana Rula akaingia, akapima ukuta, akasema, "Hapa hapakai mtu."

"Tunakaa sisi."

"Mmehamia wapi?"

"Hatujahama, bwana. Tunakuomba wewe utusaidie tuhame."

"Mara ya kwanza mlikuwa na makochi matatu, sasa mna ndoo. Kaya haishuki hivyo kwa miezi miwili."

Kutoka starehe tumeingia kwenye utoro. Kilichotuokoa ni miswaki. Aliingia bafuni akatoka ameridhika: miwili, imechakaa sawasawa. Ulijuaje habari ya miswaki?

Alama sabini na mbili zimethibitishwa. Sasa kuna jambo limejitokeza, na afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Fomu inauliza kama mzazi ana mtoto mwingine. Ukijibu yupo, anaitwa, aje asaini mbele yao kwamba amekubali mzazi akae na wewe. Nilikufikiria wewe, kufika mahali siku uliyoambiwa na kutia saini. Nikaona nitapewa nyumba nikiwa kaburini. Nikaandika kwamba nina mdogo wangu mmoja, alipotea, hajulikani alipo. Miaka nimejaza sita, nikihesabu tangu mara ya mwisho ulipokuja kumwona Mama. Sikuona kama ni uongo mkubwa. Ndiyo maana ya zile bahasha.

Nilidhani wataishia kunipa pole. Pole walinipa. Kumbe Shirika lina kitengo cha kutafuta ndugu waliopotea, na wamekufungulia jalada. Alikuja mama mmoja mpole sana, akapiga picha na Mama, akachukua picha yako ukiwa na miaka kumi na sita, ile yenye masikio, akanishika mkono akasema, "Usikate tamaa." Nilimwambia asijisumbue. Akalia.

Basi akija mtu na picha hiyo, kuwa na adabu, mwambie humjui.

Dada yako


24 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, na utaona kwa nini.

Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana. Kitini alikuwa afisa mmoja wa Shirika, tawi la huku kwetu, povu limemjaa usoni. Ni mteja wangu wa miaka mingi. Nilikuwa nimeshika wembe kooni kwake, naye ananipongeza. Ananipongeza kwa nini, utaona.

Akaingia mama mmoja mwenye begi. Akatoa picha. "Namtafuta kijana huyu."

Nikaitazama. "Simjui," nikasema, kama ulivyonifundisha.

Afisa akageuza shingo, nusura nimkate. "Humjui vipi, na ni wewe? Masikio hayo hayo."

Yule mama akaweka mkono kifuani. "Ni wewe? Dada yako anakulilia miaka sita."

"Huyu hana dada," afisa akasema. "Ni mtoto wa pekee. Mimi mwenyewe nimeshughulikia fomu yake ya nyumba, na imepita. Anaishi na mama yake hapa, nimemhoji tarehe 12 Aprili, mama mchangamfu, ana jino la dhahabu."

"Mama yake anaishi ghorofa ya nne, mji mwingine kabisa," yule mama akasema. "Nimepiga naye picha. Jino la dhahabu hana. Pale mbele hana hata la kawaida."

Basi Dada, sasa umejua. Nami niliomba nyumba. Nilikuomba Mama kwa siku kumi, ukanikatalia. Ningefanya nini? Niliazima mama wa fundi viatu wa jirani. Nilimwambia akae tu, lakini yule mzee alizungumza na afisa saa mbili, akasimulia utoto wangu wote, mambo mazuri kuliko yaliyotokea. Afisa aliondoka ananiheshimu. Tatizo ni kwamba mzee alionja chakula siku ile akakipenda, na tangu wakati huo kila Jumanne mchana anakuja kula.

Akaingia pale pale, na fimbo yake. "Baba, leo tunakula nini?"

Afisa akamuuliza, povu linadondoka, "Mama, huyu ni mwanao?"

Akafikiri. "Jumanne, ndiyo," akasema, akakaa.

Hakuna aliyenifokea. Ningefurahi wangefoka. Yule mama wa waliopotea alikaa kwenye benchi la wateja analia kwa furaha, akaomba anishike mkono ahakikishe. Afisa aliondoka na nusu ya ndevu.

Wewe umeniandika nimepotea, Dada. Nimekaa na neno hilo siku kadhaa. Mimi angalau sikukuandika umepotea. Mimi nilikuandika hukuzaliwa, na hilo haliumizi mtu.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Magoti yako vilevile. Mimi nimepandwa na hasira na nimeshuka nazo, nimepanda tena, nimeona niandike nikiwa katikati.

Kutokuzaliwa hakuniumizi? Ni nani aliyekubeba mgongoni ulipovunjika mguu? Ni nani aliyeacha shule ili mkasi wako wa kwanza ununuliwe? Huyo hakuzaliwa. Sawa. Tuliache hilo, maana ukurasa ni mmoja.

Bwana Rula amenisomea fomu yako. Kaya: watu wawili, mwombaji na mama. Mdogo wangu, mimi nikivua kitambaa kwenye kochi la mtu naona mara moja ni springi ngapi zimetoka. Kaya yako ilikuwa watu wanne. Mtu mwenye mke na watoto wawili haendi kuomba mama kwa dada yake, wala hamwazimi kwa fundi viatu. Alama zake anazo nyumbani. Nikarudi kwenye barua zako. Jino la Februari: mtoto wako mdogo ana miaka minane. Kama kuna jino, ni la ukubwani. Kiti kinachozunguka, nyumba iliyotulia, sura yako mara tatu ukifumbua macho. Vioo vitatu viko kwenye kibanda chako cha kunyolea, nilikusaidia kuvitundika. Unalala kibandani.

Sitaki kujua aliondoka lini. Nataka kujua kwa nini ulimfanya anisalimie miezi yote hii.

Haya, sasa sikiliza, kuna kazi ya kufanya.

Niliitwa kwa mkurugenzi. Nilivaa vizuri, nikijua nakwenda kufukuzwa. Sheria yao ni wazi: ukidanganya kwenye fomu, uko nje miaka mitano. Mezani walikuwa watu saba na birika la chai. Mkurugenzi akaanza kwa kusema kitengo cha waliopotea kina miaka tisa. Kimetafuta watu wengi, kimekwenda mbali, kimeajiri dereva. Hakijawahi kupata mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Nikamwambia, "Lakini hakupotea."

"Dada," akasema, kwa upole uliotisha, "taarifa imeshakwenda kwa wafadhili."

Basi hawawezi kutufukuza. Ukifukuzwa wewe, wamempoteza mtu waliyempata. Nikifukuzwa mimi, hakuna aliyekuwa anakutafuta. Walibishana mpaka chai ikaisha, wakatoka na uamuzi: fomu zote mbili zifutwe, iandikwe moja. Kaya ya watu watatu. Mama alama kumi, na ndugu waliounganishwa alama nane, kipengele ambacho asubuhi ile hakikuwepo. Tumefika themanini. Nyumba ya vyumba vitatu, chini, hapa kwetu. Saa za jasho mia tatu, za kwangu mia na tisini zimeshaingia, zilizobaki ni zako. Masharti mawili. Tufanyiwe sherehe ya kukutana, tarehe 28 Juni, picha zipigwe. Na tuishi pamoja, sisi watatu, si chini ya miaka mitano, wakija kukagua wakati wowote.

Sikukuchagua. Ningeulizwa, ningechagua Mama na makochi. Lakini ukikataa, mwisho wa mwaka mimi na yeye tuko barabarani, na barabara Mama amezoea kuitazama kutoka juu.

Nimemweleza kila kitu. Alicheka mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Mwaka huu wote mnanitaka. Sijui nimefanya nini." Akageukia dirisha.

Jibu upesi.

Dada yako


11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekubali.

Kuhusu wifi yako, umehesabu vizuri. Sina la kuongeza kwa sasa.

Kuhusu sherehe, naomba maelekezo. Nitokee upande gani? Mimi ndiye nikukimbilie au wewe unikimbilie? Nilie kiasi gani? Nadhani dakika moja inatosha, zaidi ya hapo watashuku.

Kibanda nimempa mwenzangu. Kiti nakuja nacho, hata kama itabidi nikilipie nauli kama mtu. Mama wa fundi viatu ameniuliza Jumanne atakula wapi.

Mdogo wako


20 Novemba

Mdogo wangu,

Barua hii haina stempu kwa sababu imesafiri kutoka jikoni mpaka chini ya mlango wako. Nimeona bora niandike, maana tukisema tutafika ile dakika ya pili.

Habari za nyumbani unazisikia kupitia ukutani. Mama ni mzima. Dirisha la chini alilichukia wiki nzima, akisema sasa watu wanamwona na yeye. Juzi alianza kuwasalimia. Jana alimzuia muuza mboga dakika arobaini, na leo mboga tumepata bure, ili tu amwachie apite.

Nyumba ni nzuri. Nimekagua kila kiungo, nilitafuta kasoro kwa bidii, nimepata mbili na zote ni zako, za zile saa mia na kumi. Ule mteremko wa saruji uliomjengea Mama mlangoni umepinda kidogo kushoto. Anaupenda. Anashuka barabarani mwenyewe, anarudi, anashuka tena, bila shughuli yoyote.

Ile sherehe hatujaizungumza. Tulikubaliana dakika moja. Ulipofika katikati ya ukumbi nikakushika kama tulivyopanga, nikahesabu moyoni, nikafika sitini, nikakubonyeza begani uache. Hukuacha. Nilikubonyeza tena. Watu wakapiga makofi, mkurugenzi akapiga makofi, yule mama wa waliopotea ilibidi wamtoe nje, na wewe bado umeniegemea shingoni, gauni langu limelowa mpaka mgongoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba hii haikuwa ya wafadhili. Sikujua niiweke wapi mikono yangu. Mikono hii inajua kitambaa, mbao na misumari. Niliiweka kichwani kwako. Nywele zako zilikuwa ndefu, kinyozi mzima.

Sasa ni wiki ya tatu tumehamia. Asubuhi unatoka kabla hatujaamka. Jioni unaingia, unasema "habari za jioni" kama mpangaji, unafunga mlango. Chakula unachukua sahani, unakula chumbani ukiwa kwenye kile kiti chako. Nasikia kinavyolia kikizunguka. Sijakuuliza kitu, na sitakuuliza. Aliyeondoka ameondoka na sababu zake, na watoto wako siku wakija, chumba changu kina makochi mawili ya wateja ambayo yanaweza kuchelewa kukamilika.

Lakini leo imekuja taarifa. Jumamosi saa nne asubuhi Bwana Rula atakuja kwa ukaguzi wa kuishi pamoja. Anakaa mezani na familia. Anaangalia nani anakaa wapi, nani anampitishia nani chumvi, nani anajua chai ya nani ina sukari. Akiona sahani moja inaondoka kwenda chumbani, ataandika kaya ya watu wawili na mpangaji, na tutarudi kwenye alama ambazo sitaki hata kuzitamka. Nyumba hii itapewa wengine, na ule mteremko uliopinda utatumiwa na mama wa mtu mwingine.

Mezani nimeweka sahani tatu. Ni viazi na supu. Mama amekaa, anakataa kuanza, anasema anasubiri wote wafike, na unajua akishikilia jambo. Mimi nimesimama hapa koridoni nje ya mlango wako, nimeishika barua hii, nikimaliza sentensi hii naisukuma ndani.

Ukaguzi ni Jumamosi. Leo ni Jumatano. Toka, tufanye mazoezi.

Dada yako